Kalenda za Oma Ratliff

Shirika letu lina viti kumi na viwili vya kukunja,
birika la kahawa linalokohoa kama mchimba makaa mstaafu,
na sisi wawili, mimi na Verlon,
tunaolipwa hadi Juni, mfadhili akipenda.
Kwenye karatasi sisi ni wahamasishaji.
Huku bondeni, kando ya Kijito cha Turley,
tunaitwa wale wa maji.

Kazi yenyewe ni miguu.
Ni barabara za changarawe za Kentaki ya mashariki,
milima ilivyobanana hata jua
hufika saa nne asubuhi, limeshachoka.
Ni kubisha mara tatu, kurudi nyuma hatua mbili,
mikono ionekane.
Ni kujua jina la mbwa kabla ya jina la mwenye nyumba.
Verlon alinionya: usianze na maji.
Anza na nyanya zao, na goti lao,
na mwana wao aliyehamia Ohayo.
Maji yatakuja yenyewe.
Yakija, nyamaza.

Nikatengeneza fomu. Maswali ishirini na saba.
Je, maji yako hubadilika rangi?
Mara nyingi, mara chache, sijui.
Nikajivunia visanduku vyake, vimenyooka kama meno ya bandia.
Nyumba arobaini na tatu, zikarudi fomu tisa,
moja ina mapishi ya maharage kwa nyuma.

Mkutano wa kwanza, ukumbi wa zimamoto:
watu sita.
Mmoja alifuata kahawa.
Mmoja alikuja kutuambia turudi tulikotoka.
Verlon akamjibu, "Nimezaliwa hapo ng'ambo ya daraja, Hobart,
na wewe ulilibeba jeneza la baba yangu."
Hobart akakaa.
Hakutia sahihi, lakini mwisho
alikunja viti vyote bila kuombwa.
Nikaandika kwenye ripoti: wahudhuriaji sita.
Ripoti haina mahali pa viti.

Oma Ratliff alinifukuza mara tatu.
Mara ya pili lilisogea pazia tu.
Mara ya tatu alisema kupitia wavu wa mlango,
"Binti, mimi si mtu wa kujaza fomu."
Mara ya nne nilikwenda bila fomu.
Nisijisifu: gari lilikwama topeni,
nilikuwa natafuta ubao wa kuweka chini ya gurudumu.
Akanipa ubao. Akanikaribisha chai,
akaichemsha kwa maji ya chupa, ya dukani,
na hapo ukutani nikaziona.

Kalenda za bure, za nyumba ya mazishi,
za miaka tisa, zote kwenye msumari mmoja,
na katika kila siku, kwa penseli:
Kahawia. Kahawia. Safi. Hakuna.
Meusi, yananuka.
Hakuna. Hakuna. Hakuna, na leo ni Krismasi.
Safi, wakaguzi wamekuja.
Kahawia.
Na Machi moja, siku isiyo na rangi:
Dallas amefariki. Nimemwosha uso kwa maji ya mvua.

Nilikuwa na la kusema.
Nikanywa chai.

Mbele ya tume ya maji ya kaunti
alizipakata zote tisa kama mtoto aliyelala,
akaanza kusoma, Januari ya kwanza, siku ya kwanza.
Mwenyekiti akatazama saa. "Mama, tupe muhtasari."
"Sikuyanywa kwa muhtasari," akasema Oma,
akalamba kidole, akafunua Februari.
Kufika Aprili, sauti nzito huku nyuma
ikawa inaitika kila rangi pamoja naye.
Sikugeuka. Nilimjua kwa kikohozi.

Uamuzi umeahirishwa hadi Septemba.
Bomba ni lile lile, na Juni ni wiki mbili.
Verlon anaulizia kazi ya basi la shule.
Lakini jana nilipita nyumba ya mazishi
kuomba kalenda moja, ya jikoni kwangu,
mhudumu akakuna kichwa:
zimekwisha tangu mwezi jana,
wanakuja watu hawana hata msiba.